Mtumwa wa kamera ajibu

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kusema nimeringa, wengine mmeuliza kama boksi limenizidi uzito. Hapana jamani, ni baridi tu na zamu. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi watu wamepungua, kwa hiyo nikirudi ni kula na kulala, kesho tena.

Leo lakini nimeona nisikae kimya, maana nina madeni mawili. La kwanza ni la shemeji, aliyeniita "mtumwa wa kamera" mbele ya watu wote pale barazani Desemba iliyopita, mkacheka mpaka chai ikamwagika. La pili ni la mpwa wangu, anayesubiri hela ya pikipiki, na dada ambaye ameshanipigia simu mara tatu kuuliza naitoa au siitoi. Nitajibu yote mawili hapa hapa, kwa sababu ukiangalia vizuri ni swali moja.

Nianze na chanzo cha jina langu jipya. Mwaka jana, Jumapili moja alfajiri, nilikuwa nawahi zamu. Barabara nyeupe, hakuna mtu, hakuna mbwa. Kibao kinasema maili 30 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 48. Mimi nilikuwa kwenye 37, yaani karibu kilomita 60. Sikuona kitu, sikusikia kitu, nikafika kazini. Baada ya siku chache ikaja bahasha ya kahawia. Ndani namba ya gari langu, saa, dakika, mahali, na mwendo. Na swali moja: nani alikuwa anaendesha?

Hapo huna ujanja. Sheria ya hapa Uingereza inataka barua ya onyo imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, na mwenye gari ana siku 28 za kumtaja dereva. Ukikataa kutaja, adhabu ya kukataa ni kubwa kuliko ya mwendo wenyewe: pointi 6 kwenye leseni na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Kuna Waingereza wawili waliolipeleka jambo hili mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakisema mtu halazimishwi kujishtaki mwenyewe. Mwaka 2007 mahakama ikawaambia hapana: ukichukua leseni na kuingiza gari barabarani, umekubali na masharti yake.

Nilikasirika, siwafichi. Mtu pekee ambaye ningeweza kumgonga asubuhi ile ni mimi mwenyewe. Na hakuna wa kumweleza! Huwezi kumwambia afande nilikuwa nawahi kumgeuza mzee kitandani. Kamera haina masikio. Nikapewa uchaguzi: pauni 100 na pointi 3, au kwa kuwa sikuzidisha sana na ni mara yangu ya kwanza, nilipe karibu pauni 90 nihudhurie darasa. Nikachagua darasa. Pauni 100 kwangu ni karibu zamu nzima baada ya makato, msije mkadhani huku hela zinaokotwa.

Darasa lilikuwa la kwenye kompyuta, saa mbili na ushee. Niliingia nimenuna, nikatoka na hesabu moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Kitabu cha sheria za barabara cha hapa kinasema gari lililo kwenye maili 20 kwa saa linahitaji mita 12 kusimama, tangu dereva anapoona hatari. Kwenye maili 30 ni mita 23. Kwenye maili 40 ni mita 36. Sasa weka mtoto mita 24 mbele yako. Wa 30 anasimama kwenye vidole vya miguu ya mtoto, wanatazamana, anatukana, anaendelea na safari. Wa 40 bado anahitaji mita 12 nyingine, na mtoto yuko katikati. Tofauti ni maili 10 tu. Kwenye safari yangu ya kazini zingeniokolea dakika tatu, nne hivi.

Haya, hiyo habari ndiyo niliyoisimulia barazani, na ndipo shemeji akanipa jina.

Siku mbili baadaye shemeji huyo huyo akanipeleka Dar. Wenye kuijua njia ile wanajua: Muheza na machungwa yake, Segera, Kabuku, Mkata, mpaka Chalinze. Shemeji ni dereva mzuri, mikono imetulia. Lakini vile vibao vya 50 vya vijijini kwake ni mapambo. Anachotazama ni magari yanayokuja. Wakiwasha taa mara mbili, anajua mbele kuna tochi, anakanyaga breki, tunapita kijiji kwa adabu kama tunakwenda msibani. Tochi ikibaki nyuma tu, mguu chini. Naye anawawashia wengine. Ni udugu wa barabarani.

Mahali fulani, sipataji, hakukuwa na wa kutuwashia taa. Tukasimamishwa. Kilomita 78 penye 50. Faini inajulikana, ni elfu 30. Shemeji akashuka, wakaongea pembeni, wakacheka, akarudi. "Kumi tu, ya soda," akaniambia. Halafu akaongeza maneno ambayo nimeyabeba mpaka huku: "Umeona shemeji? Huo ndio uhuru. Sisi tunaongea na binadamu. Wewe unaongea na bahasha."

Naomba niwe mkweli. Maneno yale yana uzito wake, na ndiyo maana sikuyajibu pale pale. Mtu anayekimbiza mgonjwa hospitali anahitaji kuonana na binadamu mwenye akili, si mashine. Askari mwenye busara anaweza kuona kwamba kibao kimeangukia kwenye majani na dereva hakukiona. Na ni kweli pia kwamba huku tunaangaliwa mno. Kuna kamera za kusoma namba za magari kila upande, zinajua nimepita wapi na saa ngapi, na kumbukumbu inakaa kwa miezi. Mtu akikwambia hilo halimsumbui, ama hajafikiri ama anadanganya. Na pauni 100 ni ile ile kwa mfagiaji na kwa mwenye kampuni. Mmoja hali vizuri wiki nzima, mwingine hajui hata kama imetoka. Finland wameliona hilo, faini za mwendo mkubwa zinapimwa kwa kipato cha mtu. Hapa wanafanya hivyo kesi ikifika mahakamani, si kwa hizi za bahasha.

Kwa hiyo, shemeji, sikubishii kwamba binadamu ni bora kuliko mashine. Ninachouliza ni hiki: ule uhuru ulionunua kwa elfu 10 ni uhuru wa nani?

Si wa yule mama wa machungwa pale kando ya lami, anayehitaji kuvuka kwenda kuteka maji. Yeye hakuongea na mtu yeyote. Hakuulizwa kama anakubali tupite kwake na 78. Uhuru wake wa kuvuka barabara ya kijijini kwake ndio uliouzwa, na soda hakunywa yeye. Si wangu pia, niliyekaa kiti cha kushoto nimeshika mkanda kwa mikono miwili huku nikiona aibu kukwambia punguza, kwa sababu gari ni lako na mimi ni mgeni. Mangapi tumeyanyamazia ndani ya mabasi kwa aibu hiyo hiyo?

Tena ule uhuru una bei, na bei inawashinda wengine. Wewe una elfu 10 mfukoni na una ulimi. Kijana wa bodaboda hana ulimi mbele ya afande, na elfu 10 ni kazi yake ya siku nzima. Anasimamishwa leo, anasimamishwa kesho, na kichwani hana kofia siku zote mbili. Mwaka 2021 serikali iliwashushia bodaboda faini kutoka elfu 30 hadi elfu 10, jambo zuri, lakini faini yoyote inayoweza kujadiliwa pembeni haimfundishi mtu kuvaa kofia. Inamfundisha kutembea na chenji.

Angalia jambo la ajabu. Ile 50 yetu ya vijijini na ile 30 ya maili ya hapa ni karibu mwendo mmoja! Kilomita 50, kilomita 48. Tatizo letu kwa hiyo halijawahi kuwa sheria, ipo tangu zamani. Tofauti ni nini kinatokea baada ya kuivunja. Huku adhabu ni ndogo lakini haikwepeki. Kwetu adhabu ni kubwa kidogo lakini ni bahati nasibu, na bahati nasibu kila mtu anaamini atashinda yeye.

Na msidhani Waingereza walizaliwa na adabu hii. Mwaka 1966 hapa walikufa watu 7,985 barabarani, wakati magari yalikuwa machache kuliko sasa. Mwaka uliofuata wakaleta kipimo cha pombe cha kupuliza, na madereva wakapiga kelele kwamba huo ni uvamizi. Mkanda wa kiti cha mbele haukuwa lazima mpaka Januari 1983, baada ya miaka mingi ya mabishano bungeni, na walikuwepo wabunge waliosema serikali haina haki ya kumfunga mtu mzima kamba ndani ya gari lake mwenyewe. Leo hata mlevi akiingia kwenye gari mkono unautafuta mkanda. Mwaka 2023 waliokufa barabarani walikuwa 1,624. Bado ni wengi, kila mmoja ana mama yake. Lakini si 7,985. Mikanda, magari bora, barabara bora, hospitali bora, kamera, vyote vimechangia.

Majirani zetu Kenya walijaribu pia. Mnaikumbuka Februari 2004, waziri John Michuki alipozibana matatu: mkanda kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa njano ubavuni. Wenye matatu wakagoma, watu wakatembea kwa miguu, lakini ikawezekana. Mambo yakanyooka. Kisha mzee akahamishiwa wizara nyingine, ukali ukapoa, na mikanda mingi ikabaki matambara. Fundisho langu hapo ni kwamba sheria inayotegemea ukali wa mtu mmoja inaondoka naye.

Na sisi? Sisi tuliposhindwa kuwadhibiti madereva wabaya, tukawafungia wote. Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kutembea usiku, abiria wakilala Morogoro au Singida kwenye viti, mama na watoto, mpaka ruhusa iliporudi mwaka 2023. Hebu tafakarini. Pale ambapo mkosaji mmoja mmoja hakamatwi, serikali haina njia nyingine ila kumnyima kila mtu. Kwa hiyo anayedhani kamera na askari mwaminifu ni adui wa uhuru, aangalie miaka yote ile ya kulala stendi. Sheria ikisimamiwa vizuri, makatazo yanapungua.

Sasa, si kila usimamizi ni mzuri. Mimi nina masharti yangu matatu, na kama mtumwa wa kamera nadhani nimeyapata kihalali.

La kwanza, mtego usiwe mtego. Kamera nyingi za hapa zimepakwa rangi ya njano inayoonekana kutoka mbali, na kabla yake kuna kibao. Lengo ni upunguze, si ukamatwe. Askari anayejificha nyuma ya mwembe na tochi, mahali ambapo kijiji kimeisha lakini kibao cha kumaliza 50 hakipo, huyo anavua samaki.

La pili, hela isiishie kwa anayekamata. Pauni 100 za hapa zinakwenda hazina ya serikali kuu, askari haoni hata senti. Hata hivyo watu wanalalamika, hasa kuhusu ada za madarasa, na ni haki yao kulalamika.

La tatu, mkubwa akamatwe. Januari 2023 waziri mkuu wa hapa wakati huo, Rishi Sunak, alijirekodi video akiwa kiti cha nyuma cha gari linalotembea, hana mkanda. Watu wakaona, polisi wakaona, akapigwa faini kama mimi na wewe. Akaomba radhi, akalipa. Siku ile nilimtazama mzee mmoja pale kazini akicheka mbele ya televisheni mpaka machozi, nikajiambia, sheria ikimfika huyu, na mimi bahasha yangu naweza kuimeza. Msafara ukipita na 140 kijijini kwenu, usimwambie mwenye Vitz kwamba 50 ni kwa ajili ya usalama. Hatakuelewa, na ana sababu.

Na watu wawe na njia ya kubisha wazi wazi, badala ya kubisha kwa taa. Septemba 2023 jirani zetu wa Wales walishusha mwendo wa mitaa mingi kutoka maili 30 hadi 20. Nchi ina watu milioni 3 na kidogo, na zaidi ya 460,000 walitia saini kupinga. Serikali yao haikuifuta sheria, lakini iliwarudishia halmashauri nafasi ya kuzitazama upya barabara na kurudisha 30 panapostahili. Wakati huo huo takwimu za polisi zikaonyesha majeruhi wamepungua. Pande zote mbili zilipata la kusema. Huo ndio mvutano ninaoutaka, uhuru unavuta huku, usalama unavuta kule, na watu wanaona kamba iko wapi.

Haya, twende kwenye deni la pili. Mpwa wangu, mjomba wako nakusikia. Uliniambia kwenye simu: "Mjomba, kichwa ni changu. Nikianguka naanguka mimi." Umesema vizuri, na wapo wakubwa waliosema hivyo kabla yako. Kule Marekani kuna jimbo la New Hampshire ambako mtu mzima halazimishwi kuvaa kofia ya pikipiki wala mkanda wa gari. Hapa Uingereza kofia ni lazima tangu 1973, lakini mwaka 1976 Bunge liliwaruhusu Masingasinga wanaovaa kilemba wasivae kofia, kwa heshima ya dini yao. Kwa hiyo uhuru wa kichwa si wazo la kijinga. Nalikubali kwa mtu ambaye akianguka, gharama ni yake peke yake.

Lakini wewe si huyo mtu. Wewe ukianguka, kabla damu haijakauka simu yangu italia. Kundi la familia kwenye WhatsApp litafunguliwa orodha, namba ya kupokelea hela itawekwa, shangazi atatoa elfu 20 aliyoitunza kwa ajili ya mbolea, mama mdogo ataacha genge akalale wodini, na mimi nitachukua zamu za usiku mwezi mzima. Tumeshalifanya hilo mara mbili kwenye ukoo huu, na mara moja kati ya hizo halikusaidia. Mnajua wote ninayemsema, simtaji, mama yake anasoma hapa. Alikuwa na kofia. Ilikuwa imening'inia kwenye usukani.

Kwetu sisi bili ni ya ukoo, na kichwa chako kwa hiyo kina wenye hisa wengi.

Na yule abiria nyuma yako je? Najua utaniambia abiria hawataki kofia, inanuka jasho la watu, inaharibu suka, mwenye hijabu inamsumbua. Ni kweli, si visingizio. Lakini Kigali abiria wa pikipiki anapewa kofia na anavaa, na wao wana nywele kama sisi. Nunua vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani, vifue kila jioni. Atakayekataa, mwache apande kwa mwingine. Utakosa vichwa kadhaa kwa siku. Nimeshapiga hesabu hiyo na nimeiongeza kwenye hela.

Dada, jibu ndilo hili. Hela ya pikipiki ninaitoa. Inakuja kwako, si kwake. Ndani yake kuna ya pikipiki, ya leseni na mafunzo, ya bima, na ya kofia mbili nzima, si zile za plastiki za elfu 8 zinazopasuka ukizikalia. Atanunua vyote au hatanunua kimoja. Hilo ndilo sharti langu, na nalisema mbele ya watu ili nisije nikabembelezwa pembeni. Maana na mimi ni binadamu, dada, ukinililia nitalegea, na kulegea kwangu ndiko ile soda ya shemeji.

Shemeji, na wewe nakuomba kitu kimoja tu, wala si kamera. Desemba ijayo Mungu akijalia tukienda tena Dar, nikikwambia punguza, upunguze bila kunicheka. Na kijijini kwa mama wa machungwa tupite na 50 hata kama hakuna aliyetuwashia taa. Mafuta naweka mimi.

Haya, nimemaliza, zamu yangu inaanza saa moja. Wenye la kubisha wabishe, najua hamtanyamaza. Msalimieni bibi, mwambieni dawa zake zinakuja na mgeni. Kaeni salama, na mfunge mikanda.